Kona ya Fundi

Kabla sijafika kwa habari ya mashine, acha niseme habari ya kanga. Nilipokuwa mdogo huko Ukambani kulikuwa na mzee anaitwa Kyalo aliyeweza kulia kama kanga. Si kuiga kwa mchezo kama watoto wanavyomwiga paka. Kyalo alijificha nyuma ya mikonge, akalia mara tatu, na kanga wenyewe wakatoka mashambani mwa watu wakikimbia, vichwa mbele, kama wageni waliosikia wali wa harusi umeiva. Siri yake ilikuwa pengo. Punda alimpiga teke akiwa kijana, meno mawili ya mbele yakaenda, na sauti ya kanga ilipitia hapo hapo. Basi wakaja watu wa misheni na daktari wa meno, wakamhurumia, wakamwekea meno ya kubandika, meupe kama sahani mpya. Kyalo akaenda kichakani na meno yake. Akalia, akalia tena, hata kuku hakugeuka. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Akayatoa yale meno, akayatia mfukoni, akalia, na kanga wakaja.

Hadithi hii nimeisimulia kanisani, kwa kinyozi, hata kwenye foleni ya hospitali, na siku zote nilidhani ni ya kuchekesha tu. Juzi juzi nilimsimulia msichana mmoja anaitwa Akinyi, ofisini kwake katikati ya mji, na yeye hakucheka. Aliacha kuandika akasema, "Mzee, hiyo ndio kazi yangu. Meno kila mtu anaweza kuiga. Mimi natafuta hilo pengo." Nikafurahi, kama mtu anavyofurahi akisifiwa na kijana msomi. Sikujua kwamba hadithi yangu mwenyewe ilikuwa imenishika koo. Ninaandika kama ninavyosema, mnisamehe, niliishia darasa la nne. Na hivi ninavyoandika sina kitambulisho. Kiko mjini. Nitafika hapo.

Kazi ya Akinyi ni ngumu kumweleza mtu wa rika langu, lakini nitajaribu. Anatafuta michezo ya televisheni ya zamani, ile ya kwanza kabisa kuingia manyumbani: kisanduku chenye vifundo viwili vya kuzungusha, mpira ambao ni nukta nyeupe, vijiti viwili vya kuupiga, basi. Anaifanya ichezeke upya ndani ya kompyuta, kisanduku chenyewe kikiwa kimeshakufa. Anasema michezo iliyokuja baadaye ni rahisi, kwa sababu ndani kuna programu, unainakili kama barua. Ile ya kwanza haina programu. Ni waya na vidude tu, umeme unakimbia huku na huku. Hakuna cha kunakili, inabidi uige tabia. Na kama kisanduku hakiwaki tena, unamtafuta mtu aliyekijua kikiwa hai, unamuuliza kama watu wanavyouliza habari za marehemu: alitembeaje, alichekaje, alikuwa na kigugumizi?

Mtu huyo nilikuwa mimi, na nilipatikana mazishini. Mama Stella wa Loresho alikufa, amekula chumvi nyingi, nikaenda kumzika kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyonipa maisha. Nilikaa kiti cha nyuma na sahani yangu ya wali. Stella mwenyewe, ambaye mimi nilimjua akiwa na ribini kichwani na sasa ana mvi, alinijia akanishika mkono mbele ya watu: "Huyu ndiye fundi aliyetuundia ule mchezo!" Watu wakageuka. Nikasimama nusu, nikainamisha kichwa kama padri. Na niseme ukweli, maana nikificha hapa nitakuwa naandika bure: moyoni nilifurahi. Sikufurahia sifa. Nilifurahi kwamba Mama Stella amelala, na kwamba katika mji huu mzima sasa hakuna mwingine anayejua. Niliona wali unashuka vizuri. Hapo ndipo nilijijua mimi ni mtu wa namna gani, na nilikuwa nimeshapita sabini.

Mwaka ninaotaka kuusema nilikuwa na ishirini na kitu. Nilikuwa fundi wa redio, au tuseme nilikuwa nashika redio, katika karakana ya Bwana Mbugua, ghorofa ya pili upande wa chini wa mji, juu ya duka la vitambaa. Chumba kilinuka risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka na chai iliyochacha. Redio zilipangwa mpaka dirishani, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe, nyingine zimengoja mpaka mwenyewe amezeeka. Mimi nilijua mambo matatu: kubadilisha waya, kusafisha vumbi, na kumwambia mteja arudi Ijumaa. Fundi wa kweli alikuwa Wafula. Wafula alikuwa mrefu, mweusi tititi, wa kutoka Bungoma, na alikuwa na masikio. Sisemi ukubwa. Nasema alisikiliza redio mbovu kama daktari anavyosikiliza kifua, akasema, "Ni hiki hapa," akagusa na kalamu, na kilikuwa hicho.

Tulikaa pamoja Waithaka, chumba kimoja cha mabati, kitanda kimoja, yeye kichwa huku, mimi kichwa kule. Miguu yake ilikuwa mirefu, asubuhi niliamka na kisigino chake kikiniangalia. Sufuria ilikuwa yake, kubwa, nzito, aliyopewa na mama yake. Vita vyetu vilikuwa vya chakula. Mimi nikipika muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, anakoroga na mwiko anasema, "Mutua, haya mahindi umeyavua nguo ndio uyapike? Yana makosa gani?" Yeye akipika mrenda, ile mboga yao ya kuteleza, mimi nasema, "Hii si mboga, hii ni mafua." Tunacheka, tunakula, tunakwangua sufuria mpaka inalia. Nimekula hoteli kubwa baadaye, kwenye mikutano ya serikali, vitambaa vya meza na kila kitu. Sijawahi kula chakula kitamu kama cha chumba kile.

Basi siku moja Mama Stella alikuja karakana na gari na dereva, amebeba kisanduku kwa kitambaa kama mtoto mgonjwa. Bwana yake, mkubwa katika ofisi moja ya serikali, alikileta kutoka ng'ambo. Wiki kadhaa walikicheza na betri, nyumba nzima, hata mpishi. Betri zilipokwisha, wakatoa ule waya wake wa umeme wakauchomeka ukutani. Sasa, nchi kilikotoka, umeme wao ni kama nusu ya wetu. Miaka ile hilo kosa lilifanywa na kila nyumba yenye mtu aliyesafiri. Tulizika pasi, redio na vikausha nywele vingi kwa sababu hiyo. Kikatoa moshi mmoja mwembamba, kikanyamaza. Bwana Mbugua akakifungua akaona kidude kimoja tu cheusi, chenye miguu mingi kama tandu, kimepasuka mgongo. "Mama, huyu amekufa. Roho yake yote ilikuwa hapa, na hii roho haiuzwi Kenya." Mama Stella akakaza midomo. Ndipo Wafula, ambaye hakuwa na desturi ya kusema mbele ya wateja, akasema, "Mama, kilikuwa kinafanya nini hasa?"

Nataka mwelewe hapo. Hakuwahi kukiona kikiwaka. Hakuwa na kitabu wala ramani. Jumamosi mchana tulienda Loresho, tukaingizwa kwa mlango wa jikoni kama mafundi wote, na Wafula akamuuliza yule mama maswali huku mama akikanda unga wa chapati.

"Mpira ukigonga ukuta unalia vipi?"

"Tuk."

"Na ukigonga kijiti?"

"Tik. Juu kidogo. Tik."

"Ukikosa?"

"Paaa. Kama mtu amekanyagwa kidole."

"Mara moja ama mbili?"

"Moja, lakini ndefu. Weee kijana, unataka kuniona nikiimba?" Mama Stella akacheka, unga mpaka kwa nyusi. Wafula hakucheka. Amefumba macho, anarudia polepole, tuk, tik, paaa, mpaka mama mwenyewe akasema, "Hapo! Hapo hapo!" Mimi nilikuwa nimesimama kando ya friji na mkoba wa vifaa. Kumbukeni nilipokuwa nimesimama, na mkoba ulikuwa kwa mkono wa nani.

Ilimchukua miezi. Vidude alivitoa kwenye mashine za ofisi zilizotupwa, kimoja hapa, vinne pale. Kazi iliyokuwa ikifanywa na kile kidude kimoja cheusi, Wafula aliigawa kwa vidude arobaini vya kawaida. Havikuenea kwenye kisanduku, kwa hiyo akavitia kwenye sanduku la mbao la redio kuukuu, akafunga vile vifundo viwili mbele. Jumapili tukitoka kanisani alikuwa anakaa mlangoni, mwanga ukiwa mzuri, na sanduku magotini. Mpira wa kwanza ulipotembea kwenye televisheni ya karakana, Bwana Mbugua alivua kofia. Ulikuwa unaruka laini, kona zote nne, tik, tuk. Akinyi aliniambia kwamba leo watu duniani wanakusanyika kujadili namna ya kuiga mashine ambayo hawawezi kuifungua. Wafula aliiga ya kwake kwa mdomo wa mama mmoja na unga mkononi.

Wiki ya kuipeleka, telegramu ikaja kutoka Bungoma: baba yake Wafula amefariki. Alifunga nguo kwa shuka. Mlangoni akanigeukia akasema, "Jumamosi wapelekee. Lakini Mutua, usifungue." "Nifungue ya nini?" "Nakujua." Akaenda.

Nilifungua Ijumaa. Hata leo sijui nilitafuta nini. Labda nilitaka nikiulizwa niwe na la kusema. Chuma cha kuchomelea kilikuwa moto, kikaniteleza, kikaangukia kapasita moja, kidude kidogo kama punje ya maharagwe, ikayeyuka na harufu ya kuku aliyeungua. Nikachukua nyingine kwenye redio ya mtu aliyeacha kurudi, iliyofanana rangi. Rangi, si kipimo. Mimi nilichagua kwa rangi. Nikachomelea, nikawasha, mpira ukaenda vizuri mpaka ulipofika kona ya juu kulia. Hapo ukakwama. Ukatetemeka kidogo kama mtu anayetafuta neno, ukasema kruuu, kisha ukaendelea na safari. Nikafunga haraka haraka, kama mtu anayefunika maiti.

Jumamosi ile niliingia Loresho kwa mlango wa mbele. Kulikuwa na wageni, wakubwa wenzake bwana, na meza ya chapati na kuku. Wakawasha, wakacheza, wakapiga kelele kama watoto. Mpira ukakwama konani, nikaona jasho linanitoka mgongoni, na Mama Stella akapiga makofi: "Ona! Mpira wetu unafikiria! Ule wa kwanza haukuwa unafikiria!" Nyumba nzima ikaiita kona ya fundi. Nikapewa kiti. Nikapewa paja la kuku. Na nikiwa natafuna, bwana akauliza, "Nani ameunda hii kitu?"

Nimelifikiria lile tonge maisha yangu yote. Mdomo ulikuwa umejaa. Ningeendelea kutafuna, ningenyoosha kidole magharibi, kwao Wafula. Nilimeza, nikasema, "Mimi."

Hilo peke yake labda Mungu angelisamehe, njaa ni njaa. Lakini Mama Stella akaweka bakuli chini akaniangalia. "Na yule mwenzako mrefu? Aliyekuwa ananiuliza maswali?"

Nikasema, "Yule ananibebeaga mkoba."

Alisema "Mh." Akaniongezea mchuzi. Miaka yote baadaye, kila Krismasi nilipopita kumsalimia, aliniongezea mchuzi na hakusema kitu, na mimi kila mwaka nilienda kuhakikisha kwamba bado hajasema.

Bwana aliniandikia barua hapo hapo, kwenye kona ya meza. Wiki iliyofuata nilikuwa mtu wa serikali, koti la buluu, benchi langu, na mafundi wa kweli chini yangu ambao nilijifunza kuwaambia "jaribu tena" kwa sauti nzito. Nilihamia Uthiru kabla Wafula hajarudi kutoka kwa matanga. Ufunguo nilimwachia jirani. Na nikabeba sufuria. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sufuria, maana mshahara nilikuwa nao, ningenunua. Nadhani mwizi akishaiba kikubwa, mkono unabaki wazi. Baadaye nilisikia kwamba neno langu lilishafika karakana, na Wafula aliporudi, mafundi wengine, leo wote marehemu pamoja na Bwana Mbugua, walimpokea kwa kicheko: "Karibu, mbeba mkoba!" Alikaa siku mbili, akakusanya kalamu zake, akarudi kwao. Sikumtafuta. Yeye alinitafuta mara moja, akasimama kwa geti la ofisi yangu mchana kutwa, na mimi nilipita kwa mlango wa nyuma wa wapishi.

Sasa rudini kwa Akinyi. Stella alimpa lile sanduku la mbao, pamoja na jina langu. Panya walikuwa wamekula nyaya, na ile kapasita ya kona ilikuwa imekauka, hata jina lake halisomeki. Alhamisi baada ya Alhamisi nilienda mjini, nikamwachia askari wa mlangoni kitambulisho changu kama wanavyotaka kwenye majengo yote, nikapanda ghorofa ya nne. Akinyi alinipa chai ya maziwa na viazi karai, akawasha skrini, nukta nyeupe ikatembea.

"Hapo ilikuwa inakwama hivi, mzee, ama zaidi?"

"Zaidi kidogo."

"Hivi?"

"Punguza. Hapo. Sasa iseme kruuu."

Alipenda kona hiyo kuliko mchezo wote. Alisema hakuna mashine nyingine duniani inayofanya hivyo, kwamba hapo ndipo mkono wa mtu unaonekana. "Ulifikiria nini, mzee, ukiiweka?" Nikamwambia mpira nao unahitaji kupumzika. Akaandika. Akaniletea karatasi yenye mahali pa kujaza jina la aliyeunda, ili likae kwenye skrini kabla mchezo haujaanza, alisome kila anayecheza, Kenya na ng'ambo. Nililiandika kwa herufi kubwa, taratibu, kama nilivyofundishwa darasa la nne. Bado nilikuwa sijatia sahihi. Nilisema nitaitia Alhamisi ijayo, nikiwa na miwani.

Alhamisi hiyo nilikuja na miwani. Akinyi alikuwa na furaha. "Mzee, leo tuko na mgeni kwa simu. Niliweka video ya mchezo wetu kwa mtandao, kuna mtu wa Bungoma akamwonyesha babu yake. Anasema anaijua." Kabla sijasema kitu alishaweka simu mezani, sauti juu.

"Halo, babu? Unaniskia?"

"Nakuskia sana, mama. Usipige kelele, masikio bado yapo."

Miaka hamsini na ngapi, na nilimjua kabla hajamaliza neno la pili.

"Umeona mchezo?"

"Nimeona. Huo mpira ni wangu. Sauti ni ya mama mmoja wa Loresho, alinipea na mdomo akipika chapati. Lakini hapo kona mnaniharibia jina."

"Aje sasa?"

"Hiyo kukwama. Mimi niliuacha ukiruka safi. Kuna mtu alifungua."

Macho ya Akinyi yalienda kwenye karatasi, kwa jina langu la herufi kubwa, yakapanda mpaka usoni kwangu. Hakuwa na hasira, ilikuwa afadhali awe nayo. Akauliza kwenye simu, bila kuacha kuniangalia, "Unamjua ni nani, babu?"

"Namjua. Tulilala kitanda kimoja. Mutua. Kwani bado yuko?"

Nilitikisa kichwa. Nilimtikisia kichwa mtoto wa watu, nikimwomba adanganye kwa ajili yangu.

"Yuko," Akinyi akasema.

Nikasikia kuku wa Bungoma kwenye simu. Kisha Wafula akaanza kucheka, kile kicheko cha Waithaka, mpaka kikageuka kikohozi. "Basi mwambie anirudishie sufuria ya mama yangu. Hata kama imetoboka." Akakohoa tena. "Na umuulize kitu kimoja. Alifanya nini hapo kona? Sina hasira, mama, hasira ilizeeka kabla yangu. Mimi ni fundi tu. Miaka yote nimejua alifungua, lakini sikuwahi kuona alichoharibu, na leo nimeona. Nataka kujua ni kidude gani."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa maneno machache: kapasita, ya redio ya mteja, niliichagua kwa rangi. Akinyi alisukuma simu kuelekea kwangu kwa kidole kimoja, polepole. Kwenye skrini mpira ulikuwa unazunguka wenyewe, ukafika kona, ukatetemeka.

Nikasema kwa sauti ya chini, "Naenda msalani mara moja."

Niliacha miwani juu ya karatasi. Sikungoja lifti. Nilishuka ghorofa nne nimeshika ukuta, na kwa kila ngazi nilisema moyoni, geuka sasa, geuka hapa. Chini, askari alikuwa na kile kisanduku chake cha vitambulisho, akaninyanyulia changu, jina na picha. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.

"Mzee! Mzee, kitambulisho!"

Nikainua mkono kama mtu anayeaga, nikaingia katikati ya watu, na sijarudi.